Mlango wa Kioo wa Barazani: Namna ya Kuuchagua na Kuutunza

Zamani mlango wa nyumba ulikuwa na kazi ya kuzuia: kuzuia mwizi, mvua na mnyama. Siku hizi watu wengi wajengao, mijini na hata mashambani, hupenda sebule ifunguke barazani kwa mlango mpana wa kioo, ili mwanga uingie na wenyeji wapate kuuona ua wao. Jambo hilo ni jema, maana nyumba yenye mwanga na hewa hupendeza tena husaidia afya. Lakini mlango wa kioo si dirisha kubwa tu. Watu hupita hapo mchana kutwa, watoto hukimbia hapo, na huenda usiku mmoja wa hatari jamaa nzima wakalazimika kutokea hapo. Kwa hiyo yafaa mwenye nyumba auchague kwa akili kabla ya kuuchagua kwa macho.

AINA ZA MILANGO

Mlango wa kuteleza hupita juu ya reli kwa magurudumu madogo, nao hauchukui nafasi unapofunguliwa. Lakini nusu tu ya uwazi wake ndiyo hupitika. Mlango wa pande mbili wenye bawaba hufunguka wote, nao hupitisha hewa vizuri zaidi; ila upepo huweza kuubamiza, basi haukosi kuhitaji kulabu za kuushika.

Mbao hupendeza, na mvule husifiwa kwa kuwa mchwa hauwezi upesi. Lakini mbao yo yote iliyopigwa kabla ya kukauka vema hujipinda, na mlango uliojipinda haufungiki. Chuma kina nguvu, lakini hushikwa na kutu rangi inapobanduka. Alumini ni nyepesi wala haishikwi na kutu kama chuma. Hata hivyo pwani, kama vile Mombasa na Malindi, chumvi ya bahari huila polepole na kuitia vidonda. Mkaa pwani aulize kwanza jinsi alumini hiyo ilivyopakwa kinga.

KIOO CHENYEWE

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali kama visu. Mtoto akikimbia kutoka uani bila kukiona aweza kukatwa mshipa na kupoteza damu nyingi kabla ya kufikishwa hospitali. Bei nafuu ya kioo hicho si nafuu hata kidogo.

Vipo vioo vya namna mbili vifaavyo milango. Cha kwanza ni kioo kilichopashwa moto zaidi ya digrii 600 za Sentigredi, kisha kikapozwa ghafula kwa hewa. Nguvu zake hushinda za kioo cha kawaida mara nne au zaidi, na kikivunjika huwa chembe ndogo zisizo na makali makubwa. Kioo hicho hakikatiki tena baada ya kutengenezwa, basi vipimo vyote vichukuliwe kwanza kwa uangalifu. Cha pili ni vioo viwili vilivyoshikamanishwa kwa utando wa plastiki katikati. Kikipasuka, vipande hubaki vimeganda pale pale. Mfaransa Édouard Bénédictus ndiye aliyeandikisha ufundi huo mwaka 1909.

Mnunuzi asikubali neno la mdomo tu. Kwa kawaida kioo kilichopashwa moto huwa na alama isiyofutika penye pembe moja. Na aitazame alama hiyo kabla ya kulipa. Ambaye mlango wake una kioo cha kawaida tayari, naye hawezi kukibadili sasa, aweza kukibandika utando wa plastiki wa usalama. Tena ni vema kubandika alama zinazoonekana, moja mbele ya macho ya mtu mzima na nyingine mbele ya macho ya mtoto.

UKUTA NA MAHALI

Uwazi mpana hudai boriti imara ya zege juu yake. Boriti dhaifu hulegea, ikaukalia mlango, na watu wakamlaumu fundi wa mlango bure. Kadhalika penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ulivyo katika sehemu nyingine za Nairobi, ardhi huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Msingi usio madhubuti huchezacheza, na fremu hupinda pamoja nao.

Mlango uelekeao magharibi hupigwa na jua la alasiri, sebule ikawa kama tanuri. Katika nchi iliyo karibu na ikweta, upande wa kaskazini au wa kusini, chini ya paa lililotokeza, huwa na kivuli zaidi. Sakafu ya baraza na iwe chini kidogo kuliko ya ndani, nayo iiname kuelekea nje, ili maji ya mvua yasirudi nyumbani.

KITASA NA UFUNGUO

Mlango wa kuteleza uliotiwa vibaya huweza kuinuliwa na mwizi kutoka nje ukatoka relini. Fundi aweke vizuizi juu ya fremu, na usiku gongo liwekwe ndani ya reli. Lakini kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau. Wengi huweka geti la vyuma na kufuli mbele ya kioo, kisha ufunguo ukalala mfukoni mwa baba. Moto ukitokea, moshi hauwangojei watu watafute suruali gizani. Ufunguo uwe na mahali pake pamoja karibu na mlango, mbali na mkono wa mtu wa nje, na kila mmoja nyumbani, hata mtoto mkubwa, ajizoeze kufungua taa zikiwa zimezimwa.

UTUNZAJI

Kila juma reli ifagiliwe kwa brashi ngumu, maana mchanga ndio ulao magurudumu. Matundu madogo yaliyo chini ya fremu ni ya kutolea maji. Yakizibwa na vumbi, mvua huingia sebuleni. Yazibuliwe kwa kijiti kabla ya masika. Grisi na mafuta ya kupikia visitiwe relini kamwe, kwa kuwa hushika vumbi vikawa tope. Yafaa silikoni kavu. Mlango ukiwa mzito, usisukumwe kwa nguvu: aghalabu ipo skrubu karibu na gurudumu ya kuuinua au kuushusha kidogo. Mbao zipakwe rangi au vanishi upya mara ile ya kwanza inapoanza kubanduka. Pwani fremu ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, na mipira iliyokauka ibadilishwe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlango mzuri si ule usifiwao na wageni siku ya kuhamia, bali ni ule ambao miaka mingi baadaye mtoto bado aweza kuufungua kwa mkono mmoja.