Kimo Kilichosikika Vibaya

Rubani na mwongoza ndege huzungumza kwa redio bila kuonana, na panapoharibika mara nyingi ni kwenye tarakimu. Mwongoza ndege hutaja kimo, rubani hukirudia, kisha mwongoza ndege huyasikiliza marudio hayo ili kunasa kosa. Akiyapuuza, kila mmoja huendelea na kazi akiamini kuwa wameelewana.

Nairobi iliponea chupuchupu tarehe 3 Septemba 1974. Boeing 747 ya British Airways iliyotoka London ilikuwa ikikaribia uwanja wa Embakasi katikati ya mawingu. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, agizo lililotamkwa kwa Kiingereza tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani walielewa tano, sifuri, sifuri, sifuri. Embakasi yenyewe iko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo marubani walikuwa wakishukia kimo kilichoko chini ya ardhi, na hakuna aliyegutuka mapema, si ndani ya ndege wala mnarani. Ndege ilipochomoza mawinguni, ardhi ilikuwa imeshakaribia mno. Iliinuliwa ikiwa imebakiza takriban futi 70, urefu wa mkaratusi uliokomaa. Abiria wote walitua salama.

Februari 1989, karibu na Kuala Lumpur, bahati haikuwapo. Ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa ishuke hadi futi 2,400. Kwa Kiingereza "mbili" na "hadi" husikika sawa; marubani wakaelewa hadi futi 400, wakagonga kilima. Wote wanne waliokuwamo walikufa.

Utaratibu wa kimataifa sasa unataka maelfu na mamia yatajwe kwa majina yake, yaani elfu saba mia tano. Tisa ya Kiingereza hutamkwa "naina" isifanane na tano ya lugha hiyo. Tangu Machi 2008, marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hupimwa Kiingereza chao.

Magharibi mwa Kenya kosa la kusikia kimo vibaya halina pa kupumulia. Uwanja mdogo wa Kitale uko kwenye takriban futi 6,000, juu kuliko Nairobi, na Mlima Elgon ulio karibu hupanda hadi mita 4,321, zaidi ya futi 14,000. Agizo la kushuka hadi futi 5,000 huko haliwezi kuwa sahihi, na rubani anayelisikia ana wajibu wa kuuliza tena kabla ya kushuka.