Moanda: Bahari pekee ya Kongo haifanani na picha

Kijana wa Goma au Bukavu mwenye hamu ya kuona bahari yuko karibu zaidi na Mombasa kuliko na Moanda. Kutoka Goma hadi pwani ya Kenya ni takriban kilomita 1,200 kwa mstari wa ndege. Kwenda Moanda, mji wa ufukweni wa nchi yake mwenyewe, ni karibu kilomita 1,900. Hata hivyo wapo vijana wanaobeba begi mgongoni na kuifunga safari, maana Kongo ni kubwa lakini bahari yake ni takriban kilomita 40 tu, katika jimbo la Kongo Central. Wengi wao hufika wakitarajia maji ya buluu na jua kali. Wanachokikuta ni maji ya kahawia, mbingu ya kijivu na, usiku, miale ya gesi inayowaka upande wa visima vya mafuta.

Safari yenyewe ni ndefu. Hata kabla ya vita kufunga uwanja wa ndege wa Goma mwanzoni mwa mwaka 2025, hakukuwa na njia ya gari ya kutegemea kutoka Kivu hadi Kinshasa. Msafiri alipanda ndege, kisha akatafuta basi. Kutoka Kinshasa, Barabara ya Kitaifa namba 1 inashuka hadi Matadi, inavuka mto juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1983, inapita Boma, mji mkuu wa zamani wa wakoloni, na kumalizika Banana, kando ya Moanda. Ni takriban kilomita 600. Kipande cha mwisho, kati ya Boma na Moanda, kimejulikana kwa miaka mingi kwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Huko Kiswahili nacho hakisaidii sana: wenyeji wanazungumza Kikongo na Lingala.

Kwa nini maji si ya buluu

Rangi ya maji inawakatisha tamaa wengi, lakini si uchafu wa mji unaoileta. Ni mto wetu. Mto Kongo unamwaga baharini wastani wa mita za ujazo zipatazo 40,000 kila sekunde. Duniani unazidiwa na Amazon peke yake. Maji hayo yanabeba udongo na mabaki ya majani kutoka msituni, na Moanda iko kaskazini kidogo tu ya mdomo wa mto. Maji ya mto hubaki yakielea juu ya maji ya chumvi na kusambaa mbali baharini. Aliyezoea kuona mawe chini ya maji ya Ziwa Tanganyika, pale Kalemie au Uvira, hapa hauoni hata mguu wake mwenyewe akiingia hadi magotini.

Tatizo la pili ni kalenda. Watu wa mashariki husafiri likizo kubwa, mwezi wa saba na wa nane. Kwenye Atlantiki hiki ni kiangazi, lakini si kiangazi cha jua. Maji baridi yanayopanda kutoka kusini, upande wa mkondo wa Benguela, yanaleta mawingu mazito yanayoweza kukaa siku nyingi bila kunyesha. Hewa inakuwa ya ubaridi. Ndiyo miezi ambayo barabara ni nzuri, na ndiyo miezi ambayo ufukwe hauna mvuto.

Mafuta, na ardhi inayoliwa

Mgeni anaweza kupanda basi na kuondoka. Wakaaji wanabaki na matatizo makubwa kuliko mbingu ya kijivu. Mafuta yanachimbwa hapa tangu mwaka 1975, na Moanda ndiyo sehemu pekee ya Kongo inayoyatoa. Visima vya nchi kavu viko karibu na vijiji na mashamba. Kwa miaka mingi wakulima na wavuvi wamelalamika kwamba gesi inayochomwa na mafuta yanayovuja vinaharibu mazao na kupunguza samaki. Mwaka 2022 mashirika mawili ya Ufaransa yalifungua kesi Paris dhidi ya kampuni ya Perenco kuhusu uharibifu wa mazingira huko. Kampuni hiyo inakanusha tuhuma.

Bahari nayo inakula ardhi. Sehemu ya mji imejengwa juu ya kingo za udongo mwekundu, na mawimbi yanazichimba kutoka chini hadi zinaporomoka. Nyumba na njia zilizokuwa mbali na maji zinajikuta ukingoni.

Bandari na mikoko

Mabadiliko makubwa yanatoka Banana. Tarehe 31 Januari 2022 Rais Félix Tshisekedi aliweka jiwe la msingi la bandari ya kina kirefu, mradi unaofanywa na DP World ya Dubai. Hadi sasa meli kubwa haziwezi kupanda mto hadi Matadi, hivyo mizigo mingi ya Kongo hushushwa kwanza katika bandari za nchi nyingine. Bandari inaweza kuleta kazi na barabara bora. Inaweza pia kubana pwani ambayo tayari ni fupi.

Hatari hiyo inagusa moja kwa moja kitu ambacho wageni wengi hupita bila kukiona: Hifadhi ya Bahari ya Mikoko, iliyoundwa mwaka 1992. Ndani yake mna vijito vinavyopita chini ya mizizi ya mikoko, ndege wengi, na nguva wanaojificha. Mchangani, kasa hupanda kutaga mayai miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka.

Kwa mwenye kuipanga safari, Januari na Februari, mvua inapopumzika kidogo, ndiyo miezi yenye nafuu: jua lipo na kasa wapo. Mtumbwi wa kwenda kwenye mikoko utampa mengi kuliko kulala mchangani. Maji yatakuwa ya kahawia vilevile, na si ajabu: sehemu yake imetoka Lualaba na Kisangani, ikasafiri njia yote ambayo yeye ameshindwa kuipita kwa gari.