Ukoko wa maziwa kiwandani: kwa nini hauondoki kwa kuzidisha dawa

Katika kiwanda cha maziwa, kiwe Tanga, Iringa, Limuru au Mbarara, kila siku zipo saa ambazo hakuna hata lita moja inayosindikwa. Pampu zinanguruma kama kawaida, lakini kinachopita mabombani ni maji, kostiki soda na asidi. Asiyeijua kazi hii huona muda unapotea bure. Kumbe hizo ndizo saa zinazoamua iwapo maziwa ya kesho yatafaa kupewa mtoto.

Maziwa mabichi hupashwa joto ili kuua vijidudu vya maradhi. Njia iliyoenea zaidi ni kuyafikisha nyuzijoto 72 na kuyashikilia hapo kwa sekunde 15. Kazi hiyo hufanywa na kibadilisha joto, yaani mabamba membamba ya chuma kisichoshika kutu yaliyobanwa pamoja, maziwa yakipita upande mmoja wa bamba na maji ya moto upande wa pili. Nafasi iliyopo kati ya bamba na bamba ni milimita chache tu, na humo ndimo ukoko unamoanzia.

Wanaousababisha ni wawili. Wa kwanza ni protini iitwayo beta-laktoglobulini. Joto likishapita nyuzi 70 hivi, protini hiyo hukunjuka, ikanatana na nyenzake na kushika kwenye chuma. Wa pili ni kalsiamu fosfeti. Chumvi nyingi huyeyuka zaidi maji yanapopata moto, lakini hii huenda kinyume: joto likipanda, huyeyuka kidogo zaidi, hivyo hujitenga na maziwa na kuganda kwenye kuta za mashine.

Ukoko wenyewe una sura mbili. Unaofanyika kati ya nyuzijoto 75 na 110 ni mweupe na laini, na zaidi ya nusu yake ni protini. Unaofanyika juu ya nyuzi 110, kama kwenye mitambo ya maziwa yanayokaa miezi bila friji, ni wa kijivu, mgumu, wenye chengachenga, na asilimia 70 hadi 80 yake ni madini. Anayesimamia usafi akiufungua mtambo na kuutazama ukoko kwa jicho lake, rangi na ugumu vitamwambia anapambana na nini.

Ukoko ukiachwa, joto hupita kwa shida, na kiwanda hulazimika kutumia kuni, mafuta au umeme zaidi ili kufika nyuzi zilezile. Njia ya maziwa husinyaa na shinikizo la pampu hupanda. Lililo baya zaidi ni kwamba bakteria wanaostahimili joto hujishikiza humo, wakazaliana, kisha wakamegeka kidogokidogo na kuingia kwenye maziwa ambayo tayari yamepashwa moto. Mteja atayanunua leo, na kesho yake yamechacha.

Kila hatua ina zamu yake

Mitambo ya kisasa husafishwa bila kufunguliwa, kwa kuzungushiwa dawa ndani kwa ndani. Hatua ya kwanza ni kusuuza kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke safi, bila weupe wa maziwa. Maji hayo hayatakiwi kuzidi nyuzijoto 60, maana yakiwa ya moto sana huigandisha protini iliyobaki badala ya kuiondoa.

Ndipo hufuata kostiki soda, kwa kawaida asilimia 1 hadi 1.5, ikiwa na nyuzijoto 75 hadi 80. Kostiki huvimbisha protini, huivunjavunja, na hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni. Ukoko ukishavimba hupasuka, na mkondo wa maji huubeba vipandevipande. Lakini kostiki haina uwezo wa maana juu ya madini. Kwa hiyo mtambo husuuzwa tena, kisha huja asidi ya naitriki ya asilimia 0.5 hadi 1, ambayo huyeyusha kalsiamu fosfeti na kuuacha uso wa chuma wazi.

Asidi hii haikuteuliwa hivihivi. Chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu, na asidi ya naitriki huuimarisha utando huo. Asidi ya hidrokloriki, inayopatikana kwa bei nafuu madukani, huutoboa. Anayeitumia ili kuokoa shilingi chache hujikuta na vishimo vidogovidogo kwenye mabamba, na kila kishimo ni makazi mapya ya bakteria.

Baada ya asidi, mtambo husuuzwa mara ya mwisho. Kabla ya maziwa kuingia, huuliwa vijidudu kwa maji ya moto au dawa maalumu.

Dawa kali si usafi zaidi

Ukoko ukigoma, mkono wa kwanza hukimbilia kuongeza dawa. Majaribio ya maabara juu ya ukoko wa protini yameonyesha kuwa kostiki ya takriban asilimia 0.5 ndiyo huuondoa upesi zaidi. Ikizidishwa mno, uso wa ukoko hukaza na kuwa kama kioo, na dawa hushindwa kupenya. Viwandani huwekwa zaidi kidogo kwa sababu dawa hupungua nguvu kila inapokutana na uchafu, lakini kuimwaga bila kupima ni hasara juu ya hasara.

Mkemia Mjerumani Herbert Sinner alilieleza jambo hili mwaka 1959: usafi hutegemea dawa, joto, muda na msukumo, na ukipunguza kimoja lazima vingine vifidie. Hapa kwetu msukumo ndio husahaulika. Dawa inatakiwa ipite bombani kwa kasi isiyopungua mita 1.5 kwa sekunde. Pampu iliyochoka, bomba lililoachwa bila njia ya kutokea, au gasketi iliyopasuka huacha sehemu ambazo dawa hupita bila kuzigusa.

Kisha kuna uhai wa anayeifanya kazi. Dawa ya klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu na inaweza kuua. Viwili hivyo visiwekwe stoo moja, wala visipite bombani bila kusuuza katikati. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, na anayeitia awe amevaa miwani, glavu na buti.

Usafi nao hupimwa. Tone la fenolfthalini kwenye maji ya mwisho likigeuka rangi ya waridi, kostiki bado imo. Kipimo kingine hutumia kimeng'enya kilichotoka kwa vimulimuli: pamba iliyopanguswa kwenye chuma hutoa mwanga pakiwa na mabaki ya viumbe hai au chakula, na mwanga mwingi maana yake uchafu mwingi.

Vituo vidogo vya kukusanyia maziwa vinaweza kufuata mpangilio huohuo: suuza mara tu maziwa yanapomiminwa, sugua kwa sabuni na maji ya moto, suuza tena, kisha inamisha kopo likauke. Ila makopo ya alumini yasiguswe na kostiki, kwa maana huila alumini hiyo na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

Oda zikibana, saa za usafi ndizo za kwanza kukatwa. Nawasihi wenye viwanda na wasimamizi wa zamu wasizikate. Maziwa yakiharibika kwa mteja, hakuna dawa itakayoyarudisha, na mfugaji aliyeamka alfajiri kukamua hana kosa lolote katika hilo.