Umerithi nduthi ya babu? Anza na ea klina kabla ya rangi

Umeachiwa nduthi ya zamani kule ocha, Migori au Homa Bay. Pengine ni Yamaha DT au AG100 ambayo mjomba aliiendesha akiwatembelea wakulima, au Honda CG125 iliyomfikisha babu shuleni kufundisha miaka nenda, miaka rudi. Fundi ameipiga teke mara tatu, ikanguruma, na wewe tayari umepiga picha ya kuweka Instagram. Poa sana. Lakini kabla hujafikiria rangi na siti mpya, fungua kile kikasha cha pembeni uangalie ea klina, yaani filta ya hewa.

Katika pikipiki nyingi za umri huo utakuta moja kati ya mambo mawili. Ama hakuna kitu ndani, ama kuna sponji iliyooza ambayo ukiigusa inabomoka kama mkate mkavu. Yote mawili ni hatari. Pasipo filta, vumbi linaingia moja kwa moja. Na ile sponji iliyooza humezwa na kabureta punje kwa punje.

Piga hesabu kidogo. Inji ya cc 125 ya stroku nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inavuta hewa mara 3,000. Kwa kiwango cha juu kabisa, hiyo ni lita 375 kila dakika, au lita 22,500 kwa saa. Ni zaidi ya mapipa 100 ya lita 200! Sasa fikiria kwamba hewa hiyo ni ya murram ya Nyatike wakati wa kiangazi, au ya Ndhiwa ukiwa nyuma ya trekta ya miwa, au ya Macalder, mahali mawe ya dhahabu yanasagwa. Vumbi la mawe ni gumu. Linakwangua ringi na ukuta wa silinda kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

Kama nduthi yako ni ya stroku mbili, kama hizo Yamaha, mambo ni mazito zaidi. Katika inji hizo, hewa hupitia kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, ndipo ipande juu ya pistoni. Kwa hivyo vumbi halimalizi ringi pekee, linazifikia beringi za kranki pia.

Karatasi, sponji au koni?

Ukiingia duka la spea Migori mjini, Rongo au Homa Bay, utakutana na aina tatu. Usichague kwa macho.

Ya kwanza ni ya karatasi iliyokunjwakunjwa. Inachuja vizuri hata vumbi jembamba, lakini haioshwi wala haipakwi oili. Ikijaa, unabadilisha. Ukipita kwenye matope ya Lambwe wakati wa mvua na maji yaingie kwenye kikasha, karatasi ikilowa imekwisha.

Ya pili ni sponji. Pikipiki nyingi za kale zilitoka kiwandani nayo. Hii inaoshwa na kutumika tena, mradi tu uipake oili. Oili ndiyo inayonasa vumbi. Sponji kavu huacha vumbi jembamba likapita.

Ya tatu ni ile koni inayong'aa, inayobanwa moja kwa moja kwenye kabureta bila kikasha. Vijana wengi wanaipenda kwa sababu ya sauti, na kweli inapendeza. Tatizo ni kwamba inapitisha hewa nyingi kuliko kabureta ilivyopangiwa. Petroli inakuwa kidogo kulingana na hewa, inji inachemka, na kwa stroku mbili pistoni inaweza kushika ukiwa mwendoni. Gurudumu la nyuma likifunga ghafla barabarani, hiyo si hasara ya pesa tu. Ukiitaka koni, lazima fundi abadilishe jeti ya kabureta na kuipima upya. Tena, koni ikiwa wazi, mvua ya Aprili inaingia bila hodi.

Kwa nduthi ya kale inayofanya kazi kwenye vumbi, ushauri ni rahisi: rudisha aina ile ile iliyotoka nayo kiwandani, ndani ya kikasha chake, na kifuniko chake kikiwa kizima.

Jinsi ya kununua bila kuchezwa

Beba filta ya zamani hata kama imeoza, pamoja na fremu yake ya chuma au plastiki. Pima urefu, upana na kimo kwa rula. Usimwambie muuzaji tu, "Nipe ya 125." Pikipiki mbili za cc sawa zinaweza kuwa na filta tofauti kabisa.

Wenye CG125 wana afadhali. Honda waliiunda katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya wateja wa nchi kama zetu, na viwanda vya China vikainakili inji yake kwa wingi, hivyo spea za kufanana zipo tele. Lakini inji kufanana haina maana kwamba kikasha cha filta kinafanana. Bado pima. Wenye DT na AG huenda wakalazimika kutuma mtu Kirinyaga Road, Nairobi. Mtumie picha na vipimo, siyo jina la pikipiki pekee.

Filta ya karatasi imulike na tochi ya simu kwa ndani. Ukiona kitobo cha mwanga mkali, rudisha. Kagua pia ukingo wake wa mpira, kwa sababu filta nzuri isiyokaa sawasawa ni sawa na mlango uliofungwa huku dirisha likiwa wazi.

Ukikosa kabisa, unaweza kukata sponji ya filta na kuifunga kwenye fremu ya zamani. Sisitiza sponji ya filta. Ile ya godoro hubomoka ikikutana na petroli na oili, na utakuwa umerudi pale pale.

Ukishafunga

Paka grisi kidogo kwenye ukingo wa filta, kaza vifungo, na angalia kama mpira unaounganisha kikasha na kabureta umepasuka. Endesha siku chache, kisha fungua na upitishe kidole ndani ya mpira huo. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja.

Soma plagi pia. Endesha kutoka Rongo hadi Awendo, acha ipoe, uifungue. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeusi yenye masizi inaonyesha hewa haitoshi, na nyeupe inaonyesha hewa imezidi. Ikiwa nyeupe, usiendelee kuchapa mwendo. Mwone fundi.

Kuosha sponji, tumia maji ya vuguvugu na sabuni. Achana na petroli, kwa maana cheche moja tu inatosha kukuunguza. Ikamue kwa kuibana bila kuisokota, ikauke kabisa, ipake oili, kisha ibane tena itoe iliyozidi. Kiangazi ikague kila wiki. Na filta ya karatasi usiipulize kwa kompresa ya kujazia magurudumu, inapasuka.

Mwisho, muulize fundi swali moja: silinda hii imeshachongwa mara ngapi? Kila inapochongwa hutanuka, na inahitaji pistoni kubwa zaidi. Ikifika kikomo, hakuna kuchonga tena, na silinda nyingine ya pikipiki ya miaka ya 1980 si kitu cha kuokota sokoni. Filta ni ya shilingi mia kadhaa tu. Babu aliitunza nduthi hiyo ikakufikia ikiwa bado inanguruma. Mwanao akiikuta ikiwa chuma chakavu nyuma ya nyumba, huenda sababu ikawa ni sponji ambayo hukutaka kununua.