Kupokea Magari ya Reli Nyepesi: Mfano wa Addis Ababa

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kauli hii inaafiki hali ya mji unaonunua magari ya reli nyepesi, yaani treni fupi za umeme zinazosafirisha abiria mjini. Aghalabu watu hudhani kwamba magari yakishafika shughuli imekwisha, ilhali hapo ndipo inapoanza.

Mfano mwafaka ni Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, ulioagiza magari 41 kutoka Changchun, Uchina. Kwa kuwa Ethiopia haina pwani, shehena hiyo ilipitia bandari ya Djibouti, kisha ikapandishwa hadi mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari.

Magari hayo hayakubeba abiria papo hapo. Majaribio yalianza Februari 2015. Katika majaribio ya namna hii, breki, milango na mitambo ya umeme hukaguliwa, nao madereva huizoea njia. Abiria wa kwanza walisafiri Septemba 2015.

Hata hivyo, ulezi ulikuwa mgumu. Vipuri viliagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu. Miaka ilivyosonga, magari mengi yaliegeshwa kwa kukosa vipuri, na abiria wakasongamana katika machache yaliyosalia. Ni bayana, basi, kwamba mkataba wa kununua magari unapaswa pia kutaja vipuri, mafundi na fedha za matengenezo. Bila hayo, mji hupokea vyuma, haupokei usafiri.