Kila Namna ya Kupigana Ina Nguvu na Udhaifu Wake

Vijana wa Kericho na Bomet, wakiisha kupeleka majani yao ya chai kituoni kupimwa, hupenda kubishana juu ya jambo hili: mpiga ngumi, mtu wa mieleka na mtu wa karate wakikutana, ni nani atakayeshinda? Ubishi huo hauna haja ya kuwa mrefu, kwa maana wazee wa nchi hii walilijua jibu zamani.

SILAHA ZA WAZEE

Mashujaa wa Kipsigis hawakutegemea silaha moja tu. Walikuwa na upinde wa kupigia mbali, mkuki na ngao kwa adui aliyekaribia, na sime na rungu kwa wakati wa kushikana. Kila silaha ilikuwa na umbali wake. Mshale humwumiza mtu asiyeweza kukufikia; lakini upinde huhitaji mikono miwili, basi mwenye upinde hana mkono wa kushika ngao, na adui akimrukia kabla ya kutia mshale wa pili, amekwisha. Mkuki ni hodari mahali palipo wazi, lakini vichakani hukosa nafasi, na ukiisha kurushwa mwenyewe hubaki bila mkuki. Rungu ni jepesi, lakini sharti kwanza umfikie mtu.

Ushujaa peke yake hautoshi. Karibu na mwaka 1890 vijana wengi wa Kipsigis walikwenda kuteka ng'ombe wa Wakisii, wakapigwa vibaya sana huko Mogori, na waliorudi nyumbani walikuwa wachache. Tena mwezi wa Juni 1905, Serikali ya Kiingereza ilipowapelekea askari watu wa Sotik kwa sababu ya ng'ombe na mateka wa Wamasai, ngao iliyozuia mkuki haikuweza kuzuia risasi.

NGUMI, MIELEKA NA KARATE

Mambo ni yale yale kwa watu wasio na silaha. Nguvu ya mpiga ngumi ni mikono yake na wepesi wa kukwepa. Robert Wangila wa Kenya alidhihirisha hayo huko Seoul mwaka 1988, alipomwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili, akawa Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Lakini mpiga ngumi hakufundishwa kulinda miguu yake, wala kupigana akiwa amelala chini.

Muhammad Ali aliliona jambo hilo mjini Tokyo tarehe 26 Juni 1976. Antonio Inoki, mtu wa mieleka wa Japani, alilala chini karibu muda wote wa raundi 15 akimpiga mateke ya miguu. Ali hakupata nafasi ya kurusha ila ngumi chache sana. Hakuna aliyeshinda, lakini Ali alitoka na miguu iliyovimba, akapelekwa hospitali. Na mwezi wa Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, Royce Gracie wa Brazil alimwangusha mpiga ngumi Art Jimmerson, mtu mzito kuliko yeye, akamkalia juu mpaka akakubali kushindwa.

Je, mieleka basi ndiyo bora kuliko zote? La. Mtu wa mieleka anapomshika mmoja chini, mgongo wake u wazi kwa wa pili. Mtu wa judo hutegemea sana kushika nguo za mwenzake. Mtu wa karate ana mateke ya haraka, lakini ikiwa mazoezi yake yote ni ya kuzuia pigo lisimfikie mwenzake, siku akipigwa kwa kweli hushangaa.

FUNZO KWA VIJANA

Kwa hiyo, kijana ajifunze mchezo mmoja vizuri, kisha amwombe mwalimu wake amwonyeshe pale mchezo huo unaposhindwa. Tena asisahau kwamba hata uwanjani pana hatari: Wangila mwenyewe alifariki mwaka 1994 huko Las Vegas, kwa ajili ya majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni, ingawa mwamuzi na madaktari walikuwapo.

Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, mishale ilitumika tena mpakani mwa Sotik na Borabu. Huko hapakuwa na mwamuzi wala kengele ya kumaliza raundi. Watu waliuawa na nyumba zikateketezwa, kati ya majirani waliokuwa wakiuziana mahindi na maziwa sokoni. Anayetaka kujua nguvu zake na azipime katika mchezo wenye sheria, ambao ukiisha wawili hupeana mikono, na kesho yake kila mmoja huenda kuchuma chai yake.