Ukomavu wa Michakato ya Kuunda Programu za Kompyuta: Ngazi Tano na Tatizo la Istilahi

Katika miaka ya 1980, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikabiliwa na tatizo ambalo serikali nyingi zinalifahamu: programu za kompyuta ilizoziagiza zilichelewa, zilizidi bajeti, na baadhi hazikutimiza kazi iliyokusudiwa. Mwaka 1984 wizara hiyo ilifadhili kuanzishwa kwa Taasisi ya Uhandisi wa Programu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Watts Humphrey, aliyejiunga nayo mwaka 1986 baada ya kuitumikia IBM kwa miaka 27, aliongoza kazi iliyozaa Modeli ya Ukomavu wa Uwezo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1991.

Modeli hii haipimi programu yenyewe, bali mchakato unaoizalisha. Katika ngazi ya kwanza, mafanikio hutegemea juhudi za watu wachache. Wakiondoka, ujuzi huondoka nao. Katika ngazi ya pili, gharama, ratiba na mabadiliko ya mahitaji hufuatiliwa, hivyo mafanikio ya mradi mmoja yanaweza kurudiwa katika mwingine unaofanana nao. Ngazi ya tatu hulipa shirika zima mchakato mmoja ulioandikwa. Ya nne huupima kwa takwimu. Ya tano hutumia takwimu hizo kutafuta vyanzo vya kasoro na kuviondoa.

Istilahi "ukomavu" inafaa kuliko "upevu". Embe lililokomaa si lazima liwe limeiva; vivyo hivyo, mchakato uliokomaa hauthibitishi kwamba programu fulani iko tayari kutumika.

Tatizo kubwa zaidi limo katika majina ya ngazi. Katika modeli ya 1991, ngazi ya pili iliitwa "inayorudiwa" na ya nne "inayosimamiwa". Modeli Unganishi iliyoirithi katika miaka ya 2000 ililihamisha jina "inayosimamiwa" hadi ngazi ya pili, na ya nne ikaitwa "inayosimamiwa kwa takwimu". Kwa mfasiri asiyejua historia hiyo, haya ni mabadiliko madogo ya maneno. Kwa afisa ununuzi, ni tofauti ya ngazi mbili nzima. Hati ya zabuni ya Kiswahili inayodai mzabuni awe na "mchakato unaosimamiwa", bila kutaja namba wala toleo, inaweza kumpitisha mzabuni wa ngazi ya pili pale ambapo mwandishi wake alikusudia ya nne, na mzabuni huyo atakuwa hajadanganya lolote. Kusanifisha jina pekee hakutoshi: namba ya ngazi na toleo la modeli viandikwe pamoja nalo kila mara.

Aidha, tathmini hufanywa kwa kitengo mahususi cha shirika. Kampuni yenye matawi kadhaa huweza kuonyesha cheti cha tawi moja, ilhali programu iliyoagizwa itaundwa katika tawi jingine ambalo halijawahi kukaguliwa. Kwa hiyo hati ya zabuni haina budi kumtaka mzabuni ataje kitengo kilichotathminiwa na tarehe ya tathmini hiyo.